Mikono ya Kuendea Usaili

Mtu akitaka kunikasirisha aniambie kwamba Iradukunda hakuutaka uuguzi vya kutosha. Nimeshaisikia kauli hiyo sokoni, nikaisikia tena nje ya kanisa, na mara zote mbili nilijibu vibaya. Mimi ni Recho, mama yake mdogo, msusi wa pale Rusumo jirani na mpaka. Msichana huyo namjua tangu anabebwa mgongoni. Kama Mbuba nzima, kijijini kwao, kuna aliyeutaka uuguzi kuliko yeye, nionyesheni nyumba yao niende nikamsalimie.

Alipokuwa darasa la tano, bibi yake, mama wa baba yake, alipata kidonda cha mguu kisichopona. Watu wazima tulikuwa tunajifanya tuna shughuli. Sisemi uongo, mimi mwenyewe nikienda kumjulia hali nilikaa upande unakotokea upepo. Iradukunda ndiye aliyechemsha maji, akatia chumvi, akakiosha kile kidonda kila asubuhi kabla ya shule, huku anamsimulia bibi habari za darasani ili asiyasikilize maumivu. Bibi hakujua Kiswahili, alizungumza Kirundi tu, na alimwita mjukuu wake "muganga mutoyi", yaani daktari mdogo. Bibi alikufa, jina likabaki. Hata walimu wa sekondari walilitumia.

Akamaliza kidato cha nne na masomo ya sayansi aliyafaulu, si kwa kishindo, lakini aliyafaulu. Kisha ikaanza ile habari ya kuomba vyuo. Mwaka wa kwanza akakosa. Mwaka wa pili akakosa. Baba yake, Havyarimana, si mtu wa maneno mengi. Ni mtoto wa mkimbizi aliyevuka kutoka Burundi na jembe na mkeka, na hadi leo anaongea kama mtu anayebana matumizi ya sauti. Alimwita binti yake, akamwambia, "Tutajaribu mara ya tatu, na ni ya mwisho. Baada ya hapo zamu ni ya mdogo wako." Hakuwa anamtisha. Mibuni yake haiongezeki usiku watu wakilala, na ana watoto watano.

Basi mnaelewa hali yetu Ijumaa ile ujumbe ulipoingia kwenye simu. Chuo kimoja cha uuguzi huko Biharamulo, jina nalihifadhi, kilikuwa kinamwita Iradukunda kwenye usaili wa kujaza nafasi zilizobaki. Siku ni Alhamisi, saa nne asubuhi. Aje na mzazi au mlezi. Aje nadhifu: nguo ya heshima, nywele fupi au zilizosukwa kawaida, kucha fupi zisizo na rangi, mikono safi. Dada yangu Evarista alinisomea kwa simu huku analia, nikamwambia nguo na nywele aniachie mimi, yeye amlishe mtoto alale mapema.

Jumapili mzee Anastazi, jirani yao, akafariki.

Mzee Anastazi simlaumu, hakuna anayechagua siku yake. Ninaowalaumu ni walio hai. Kwetu huku msiba ukitokea, kila mwanamke wa kitongoji anatoka na kisu chake. Ndizi zinaletwa mikungu kwa mikungu, zinarundikwa nyuma ya nyumba, wanawake wanakaa chini kuzizunguka na kumenya mpaka sufuria zijae. Hakuna anayeandika nani alikuja, lakini wote wanajua nani hakuja. Asiyemenya kwa wenzake, siku ikifika kwake atamenya peke yake.

Jumanne mchana, siku ya maziko, nikafika kutoka Rusumo na mfuko wangu. Ndani mna blauzi nyeupe ya mikono mirefu, sketi ya bluu iliyoiva, viatu vyeusi vya kisigino kifupi. Nikakuta nyumba imefungwa. Nikaenda msibani. Nikamwona Iradukunda amekaa katikati ya wanawake, kisu mkononi, maganda yamemfika magotini, vidole vyote vimeshakuwa rangi ya chai.

Nilimvuta dada yangu pembeni. "Evarista, umemleta mtoto kumenya ndizi leo?"

"Ulitaka nimfiche ndani?"

"Ndiyo. Nilitaka umfiche ndani."

"Wewe unakaa Rusumo, huishi na hawa watu," akasema. "Mama Tecla ameshaniuliza mbele za watu kama nesi wetu siku hizi anaogopa kisu."

Mama Tecla ni mwenyekiti wa wanawake wa kitongoji, mwanamke mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya lami. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda chake, anasimamia. Nikamwamkia, maana ni mkubwa kwangu, akaitikia marahaba, kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Recho, mtoto wenu ametuomba mafuta ya kupaka mikono. Nimemwambia mafuta ni ya mchuzi. Mikono yetu sisi nani aliipaka mafuta?" Wanawake wakacheka.

Mtu yeyote aliyekulia kwenye migomba anajua kwamba kabla ya kumenya unajipaka mafuta kidogo ili utomvu usishike. Tone moja lingetosha. Msichana aliomba tone moja, akanyimwa ili wapate cha kuchekea.

Jioni utomvu ulikuwa umekauka. Ile rangi ya chai ikawa nyeusi, hasa kwenye dole gumba la kulia na kando ya kucha zote, kama mtu aliyeshika masizi ya sufuria. Utomvu wa ndizi ndivyo ulivyo. Sabuni hauijali. Unakaa siku zake, wiki hivi, ngozi ikijibadilisha unaondoka wenyewe bila kuaga. Sisi wote tumekua nao na hakuna aliyewahi kufa kwa ajili yake.

Nilimwambia hivyo Iradukunda. Nilimwambia, "Mwanangu, ni utomvu, watauona ni utomvu." Akaitikia, "Sawa, mama mdogo," na nadhani usiku ule alilala.

Ila Jumatano akaja Philbert.

Philbert ni mtoto wa kaka yake Havyarimana. Anafanya kazi na mawakala wa forodha pale Rusumo, kukimbizana na karatasi za malori, na kwa sababu hiyo anavaa tai. Viatu vyake vimechongoka mbele hadi unaogopa asije akajikwaa kwenye miguu ya mwenzake. Nimtendee haki: ndiye aliyetutafutia lifti ya lori la kutupitia Benako alfajiri ya Alhamisi mpaka Lusahunga. Angeishia hapo ningemwombea baraka mpaka leo. Lakini Philbert aliwahi kufanya usaili na akapita, na tangu siku hiyo kila anayetaka na asiyetaka anafundishwa usaili.

Akamsimamisha Iradukunda katikati ya sebule, akamzunguka. "Usaili ni pale unapoingia mlangoni," akasema. "Ukishafungua mdomo wao wameshaamua. Tembea nikuone. Hapana, usiburuze. Cheka kidogo. Usicheke sana." Kisha akasema, "Lete mikono," na alipoiona akarudi nyuma kama amefunuliwa maiti.

"Ni utomvu," nikamwambia. Nilikuwa nimeshika kitana, nimeshaanza kumsuka ile mistari ya kurudi nyuma tunayoiita twende kilioni, ambayo hakuna chuo duniani kinaweza kuikataa.

"Sisi tunajua ni utomvu," akasema Philbert. "Wale wanatoka Dodoma, wanatoka Dar es Salaam. Ndizi wanaijua ikiwa mbivu. Wataona uchafu. Na nesi, mama mdogo, nesi ni mikono. Hawaanzi na cheti, wanaanza na mikono."

Nikamwambia afunge mdomo wake. Hakufunga. Akahamia kwenye sketi, kwamba ni fupi kwa kidole kimoja. Evarista akadakia kwamba yeye tangu mwanzo alitaka binti avae kitenge kama mtu wa heshima. Nikauliza kama tunampeleka chuoni au tunampeleka kuposwa. Philbert akasema nguo za mtumba zina harufu yake na wasaili wanaijua. Hapo nikawaka, kwa sababu ile sketi niliinunua mpya dukani. Nikamaliza kusuka mstari wa mwisho, nikaiokota sketi, nikamnusisha. Tulibishana watu wazima watatu juu ya kitambaa mpaka jua likaanza kuinama, na Havyarimana aliporudi shambani akasimama mlangoni na jembe lake begani, akatutazama, akauliza swali moja tu.

"Mwenye usaili yuko wapi?"

Nikazunguka nyuma ya nyumba. Iradukunda alikuwa amechuchumaa kando ya beseni. Pembeni kulikuwa na maganda ya limau, majivu, kidumu cha mafuta ya taa, na ile chupa ya dawa ya madoa tunayotia kwenye mashati meupe ya shule, kifuniko kimoja kwenye ndoo nzima ya maji. Hakuwa na ndoo nzima ya maji. Alikuwa ameimimina dawa yenyewe kwenye beseni kavu, mikono imo ndani, na anasugua kwa waya wa kusugulia sufuria.

Akainua uso. Alikuwa anatabasamu. "Mama mdogo, unatoka," akasema. "Angalia, unatoka kweli."

Kweli ulikuwa unatoka. Dole gumba lilikuwa jeupe kama karatasi, na chini ya weupe kulikuwa na wekundu. Nilimnyanyua kwa kiwiko, nikammwagia maji ya mtungi mzima, na nikapiga kelele ambazo nasikia zilifika msibani. Yeye alikuwa ananituliza mimi. Haiumi sana, alisema, inachoma kidogo tu, kama pilipili.

Asubuhi haikuwa pilipili tena. Vidole vilikuwa vimevimba na kung'aa, ngozi ya viganja imepasuka kwenye mikunjo, na kwenye dole gumba ilikuwa inabanduka vipande vipande na maji yanatoka. Evarista alimpaka mafuta ya mgando huku anasali. Havyarimana aliitazama ile mikono kwa taa, akamshika binti yake begani, akatoka nje. Blauzi nilimfunga vifungo mimi, maana yeye hakuweza.

Dereva wa lori alikuwa mtu mwema, alituwekea redio na hakuuliza chochote. Lusahunga tulipata gari la Biharamulo, na saa tatu na nusu tulikuwa tumekaa kwenye benchi la baraza ya chuo, pamoja na wasichana wengine na wavulana wachache. Kwa mavazi hakuna aliyempita mtoto wangu. Nasema hivyo kama mtu wa kazi hiyo. Sketi imekaa, nywele zimelala, viatu vinang'aa. Mikono ameirudisha ndani ya mikono ya blauzi mpaka zinaonekana ncha za kucha tu.

"Ukiulizwa, sema ukweli," nikamwambia.

"Nitasema niliunguzwa na nini, mama mdogo? Watanionaje, mtu anayejiosha kwa dawa ya nguo?"

"Sema ukweli," nikarudia. Akaivuta tena mikono ya blauzi.

Akaitwa. Dirisha lilikuwa wazi na nilisogeza masikio bila aibu. Niliisikia sauti yake ikianza chini kisha ikapanda. Wakamwuliza kwa nini uuguzi, akawaeleza habari za bibi na kile kidonda, na namna alivyojifunza kumwongelesha mgonjwa ili mkono ufanye kazi yake. Nikasikia mtu anacheka, kicheko kizuri, cha kupendezwa. Wakamwuliza kuhusu damu, kuhusu joto la mwili, akajibu. Nilianza kumshukuru Mungu mapema. Kisha mtu akamwambia asogee akatie sahihi mahudhurio, na nikasikia anaulizwa mikono ina nini. Halafu mlango ukafunguliwa wakasema mlezi wa Iradukunda aingie.

Walikuwa watatu mezani. Katikati alikaa mama wa makamo mwenye miwani na kofia ya uuguzi, na kulia kwake daktari kijana. Nikawasalimu. Iradukunda alikuwa amesimama, mikono iko juu ya meza, viganja juu, kama anayesubiri fimbo.

"Mama," akasema yule mwenye miwani, "huyu binti amejibu vizuri kuliko wote tuliowaona tangu jana. Sasa tumemwuliza mara tatu mikono ina nini, hasemi. Daktari hapa anadhani ni ugonjwa wa ngozi. Nisaidie wewe."

Nikamtazama Iradukunda. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye ile blauzi na hawezi kuyafuta. Nikasema yote. Nilisema habari za msiba, ndizi, ujumbe ulioandikwa mikono safi, na chupa ya dawa ya madoa. Philbert nilimtaja kwa jina, ingawa hawamjui.

Yule mama akavua miwani. "Utomvu wa ndizi," akasema taratibu.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nimezaliwa Rulenge, kwenye migomba hukohuko. Nimemenya ndizi kwenye misiba tangu sijaota meno ya ukubwani." Hakuwa ananikaripia. Ilikuwa kama anamweleza mtu mwingine aliyekuwa nyuma yangu. "Angekuja na utomvu wake vidoleni, ningemwambia kaa, hongera."

Nikamwambia basi mama, kumbe mnaelewa, basi. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba watakaochaguliwa wanaingia darasani Jumatatu, na wiki hiyohiyo wanaingizwa wodini kushika wagonjwa. Mkono uliochubuka ni mlango ulio wazi, ugonjwa wa mgonjwa unaingia, wa kwake unatoka. Hawezi kumwingiza wodini mtu mwenye mikono ile. Nikasema ngozi itapona, ni wiki mbili, tatu. Daktari akasema pengine mwezi, pengine zaidi, pale kwenye dole gumba imeungua ndani. Nikasema mwekeeni nafasi. Yule mama akaonyesha mlango kwa kidevu, kule kwenye benchi. "Nafasi zimebaki chache na wenzake wako pale. Aje mwakani, na akija mimi nitamkumbuka."

Nikamwambia hakuna mwakani. Nikamweleza habari za baba yake na mdogo wake. Akasema anasikitika, na nikaona kwamba anasikitika kweli. Hilo ndilo lililonimaliza. Mtu mbaya ungemtukana ukapumua. Huyu hakunipa hata nafasi ya kumtukana, na sheria yake ilikuwa sheria nzuri, ningetaka hata mimi nikilazwa ifuatwe.

Tukatoka. Iradukunda hakutaka kuondoka mara moja, akasema tukae kidogo. Tukakaa mwisho wa benchi. Nilikuwa na hasira ambayo haikuwa na mahali pa kwenda. Nilimkasirikia mama Tecla na mafuta yake ya mchuzi, nikamkasirikia Evarista kwa kuogopa maneno, Philbert na tai yake, na yule aliyeandika mikono safi bila kufikiri nani atayasoma hayo maneno na atayasoma akiwa wapi. Na kusema kweli nilimkasirikia Iradukunda pia, kwa dakika moja, kwa kutuamini sote.

Aliyefuata kuitwa alikuwa msichana mmoja wa Nyakisasa, Eufrazia, ambaye asubuhi alitugawia karanga. Amevaa sketi iliyopauka na viatu vya kaka yake, nadhani, maana vilikuwa vinamwacha nyuma akitembea. Hakukaa sana. Alitoka anacheka na kulia kwa pamoja, akatujia sisi kwa sababu ndio pekee aliowajua pale. "Wamenichukua," akasema. "Jumatatu naanza."

Alikuwa amejishika mashavu, na ndipo nikaiona mikono yake. Dole gumba la kulia lilikuwa jeusi tii. Kando ya kila kucha kulikuwa na mstari mweusi.

Sikuweza kujizuia. "Binti, hawakukuuliza kuhusu hiyo mikono?"

Akaiangalia kana kwamba ndiyo kwanza anakumbuka anayo. "Waliniuliza, mama. Yule mama mwenye miwani aliniuliza nimetoka kumenya kwenye msiba au kwenye harusi."

Kisha akamnyooshea Iradukunda mkono, wapongezane, kama watu wanavyofanya. Iradukunda alisimama, akamwambia hongera sana, Mungu akutangulie, na akampongeza kwa maneno tu, kwa sababu mkono wake ulikuwa haushikiki.